Nina miaka 46, nataka kurudi kusomea sanaa ili niielewe. Mume wangu anasema vitabu vinatosha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhasibu, mke, na mama wa watoto wawili ambao sasa ni watu wazima. Nilipomaliza sekondari nilijiunga na chuo cha sanaa, lakini nilisoma mwaka mmoja tu. Baba aliugua, ada ikakosekana, nikahamia uhasibu kwa sababu kozi ilikuwa fupi na kazi ilikuwa ya uhakika. Sijutii. Kazi hiyo imetulea wote. Ila tangu wakati huo sijashika tena penseli ya kuchorea, ingawa kila nikipata nafasi huenda kwenye maonyesho ya picha na makumbusho.

Shida yangu ni kwamba nasimama mbele ya picha, naipenda au siipendi, na habari inaishia hapo. Nikiulizwa kwa nini, sina la kusema. Kibandiko cha maelezo ukutani nakisoma kabla ya kuitazama picha yenyewe, halafu naitazama ili kuhakikisha kwamba kibandiko kimesema kweli. Kwenye kazi za kisasa ndiyo napotea kabisa. Naikuta turubai yenye rangi mbili tu, watu wamesimama mbele yake kwa heshima, nami natoka na hasira kwa sababu nahisi kulikuwa na kitu pale na kimenipita.

Vitabu nimesoma vingi. Naweza kukutajia nani alitangulia na nani alifuata, na nani aligombana na nani. Lakini nikiwa mbele ya picha yenyewe, maarifa hayo hayanisaidii kuona.

Sasa nimepata shule ya sanaa inayopokea watu wazima. Kuna kozi ya jioni ya mwaka mmoja, yenye uchoraji na historia ya sanaa. Kuna pia shahada ya miaka mitatu, ya mchana, ambayo itanilazimu kuacha kazi au kuipunguza sana. Moyo wangu unavutwa na shahada, maana natamani kumaliza nilichokianza.

Mume wangu hanipingi kwa ubaya. Anasema, "Kama unataka kuelewa sanaa, soma historia yake. Mbona unapenda muziki na hupigi chombo chochote?" Sikuwa na jibu. Dada yangu yeye alicheka tu: "Kwa umri huo utachora nini?" Na siku niliyokwenda kuchukua fomu, vijana wawili kwenye korido waliniamkia wakidhani mimi ni mwalimu mpya.

Shangazi, je, ni lazima nijifunze kuchora ndipo nielewe sanaa? Nichague shahada au kozi ya jioni? Na nitavumilia vipi kazi yangu kubandikwa ukutani na kukosolewa mbele ya vijana wa rika la wanangu? Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi.

Ni mimi,
Mpenda Picha

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda kasome. Nalisema mwanzoni ili usihangaike kulitafuta huko chini. Anza na kozi ya jioni, na hiyo shahada iache ingoje mpaka uone mwaka wa kwanza umekufanya nini. Sababu zangu nitakueleza moja moja, nikianza na hoja ya mume wako, kwa maana ni hoja nzuri na inastahili jibu.

Ni kweli mtu anaweza kuupenda muziki bila kupiga chombo. Lakini wewe hukuniandikia kwamba unataka kuipenda sanaa. Unaipenda tayari, tena kwa miaka mingi. Unalolalamikia ni kwamba hujui kinachoendelea ndani ya picha, na hilo halitibiwi na mapenzi wala na orodha ya majina. Fikiria taarifa ya hesabu ya mwisho wa mwaka. Mimi nikiishika naona namba. Wewe unaona mtu aliyeamua kuonyesha gharama hii hapa na kuisogeza ile kule, na pengine unahisi ni wapi alikwama, kwa sababu umewahi kukaa usiku ukiandaa taarifa kama hiyo. Picha nayo ni maamuzi yaliyopangwa. Mtazamaji huona yale yaliyobaki. Aliyewahi kuhangaika na turubai huanza kuona pia yale yaliyokataliwa, na hapo ndipo picha inapoanza kueleweka.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa darasa la jioni la uchoraji nikiwa mtu mzima, kwa hiyo nitakuambia mambo mawili yanayofanyika humo.

La kwanza ni zoezi la kiti. Mwalimu anapindua kiti juu ya meza na kusema: msichore kiti, choreni nafasi zilizo kati ya miguu yake. Ni zoezi la zamani na shule nyingi hulitumia. Mwanafunzi mgeni kwa kawaida huchora kiti anachokijua, siyo kile kilicho mbele yake. Anaipa miguu yote minne urefu sawa, na sehemu ya kukalia anaichora duara kamili, wakati kutoka pale alipokaa duara hilo limebanana na kuwa jembamba. Akilazimishwa kuchora nafasi tupu, ambazo hazina jina wala umbo alilolizoea, ghafla kiti kinatokea sawasawa. Anagundua kwamba siku zote akili imekuwa ikijibu kwa niaba ya macho. Kugundua huko kunauma kidogo, na hakusahauliki.

Baada ya hapo, nenda ukatazame picha ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne ya kikapu cha tufaha, iliyochorwa karibu na mwaka 1893 na ambayo sasa iko kwenye makumbusho ya Art Institute of Chicago. Ukingo wa meza upande wa kushoto wa kitambaa hauendani na ukingo wa upande wa kulia. Mtu aliyesoma vitabu tu atakumbuka kwamba Cézanne aliwafungulia njia wachoraji wa karne ya 20, na ataridhika. Mtu aliyepambana na kiti atajiuliza swali jingine: huyu anaweza kunyoosha mstari, kwa nini hakuunyoosha, na picha imepata nini kwa kuuvunja? Swali hilo ndilo unalolitafuta. Ukishakuwa nalo, kibandiko cha ukutani utakisoma mwisho.

La pili linahusu ile turubai yako ya rangi mbili. Msanii Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani na baadaye Marekani, alikuwa akiwapa wanafunzi wake karatasi za rangi badala ya rangi za kupaka. Unakata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja, kimoja unakiweka juu ya rangi nzito na kingine juu ya rangi nyepesi. Ukichagua vizuri, utaapa kwamba hivyo vipande viwili si rangi moja. Unaviondoa, unavilinganisha, unaona ni kitu kilekile, unavirudisha, na macho yanadanganyika tena. Mafunzo yake ya rangi aliyachapisha mwaka 1963. Maelezo haya ninayokupa umeyaelewa kwa sekunde chache, sivyo? Lakini kuyaelewa si kuyaona. Albers mwenyewe, kuanzia mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 62, alichora miraba ndani ya miraba na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 1976. Asiyewahi kukata zile karatasi huona miraba tu. Aliyezikata huona rangi moja ikisogea mbele, nyingine ikirudi nyuma, na anajua jinsi ilivyo vigumu kuzifanya zitende hivyo. Pengine ile turubai iliyokutoa kwenye maonyesho na hasira ilikuwa inafanya kazi ya namna hiyo. Pengine haikuwa nzuri vilevile. Nataka uweze kuamua mwenyewe.

Hata vifaa vina la kufundisha ambalo kitabu hulitaja kwa kupita. Rangi iliyochanganywa na kiini cha yai hukauka haraka mno, hivyo mchoraji hulazimika kujenga kivuli kwa mistari midogo midogo mingi. Rangi ya mafuta hukawia kukauka, na humwachia nafasi ya kuyeyusha mwanga polepole kuingia gizani. Ukivijaribu vyote viwili, makumbusho ya picha za kale yatakuwa mahali papya kwako. Unajua pia, bila shaka, kwamba Claude Monet na wenzake, wachoraji wa Ufaransa waliopenda kuchora nje kwenye mwanga wa jua, walifanya maonyesho yao ya kwanza mwaka 1874. Lakini chukua rangi, toka nje, chora kivuli cha mti kabla jua halijakihamisha. Utajua kwa mkono wako kwa nini mipigo ile ya brashi ni mifupi. Utaelewa pia kwa nini bomba la rangi la bati, lililobuniwa na John Goffe Rand mwaka 1841, lilikuwa jambo kubwa kwa wachoraji waliotaka kufanya kazi nje.

Sasa nimpe mume wako haki yake, maana kuna kazi ambazo mkono peke yake hautakufikisha. Mwaka 1917 msanii Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka choo cha kukojolea cha wanaume kwenye maonyesho ya New York, kikiwa kimetiwa saini ya "R. Mutt". Waandaaji walikuwa wameahidi kupokea kazi ya kila msanii aliyelipa ada, bila majaji. Hiki wakakikataa. Bila kisa hicho, hata ukichora miaka kumi utaona choo tu. Ukikijua, unaona swali lililoulizwa kwa watu waliodai hawana mlango, na mlango ukaonekana. Au mchukue El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, ambaye hutengeneza mapazia makubwa ya kung'aa kwa vifuniko vya chupa za pombe vilivyounganishwa kwa waya wa shaba. Aliyewahi kuunga vitu vidogo vidogo kwa mkono atastaajabia kazi hiyo na jinsi inavyokunjika. Lakini ni lazima pia ujue historia ya pombe katika biashara kati ya Ulaya, Afrika na Amerika, na ujue kwamba msanii huyu huwaachia wanaoitundika nafasi ya kuamua mikunjo ikaeje. Hayo hayamo kwenye vidole. Yamo kwenye kusoma.

Kwa hiyo kozi yenye vyote viwili, uchoraji na historia, inakufaa. Hiyo ya jioni umesema inavyo.

Kuhusu shahada, naomba tusemezane wazi. Umeniandikia kwamba unataka kuielewa sanaa, halafu umeniandikia kwamba unataka kumaliza ulichokianza. Hayo ni matamanio mawili tofauti, na lile la pili lina uchungu wa baba yako ndani yake. Ni halali kabisa. Lakini usiliache lijifiche nyuma ya lile la kwanza, kwa sababu shahada ya sanaa kwa kawaida hupangwa kumtoa msanii. Mwaka wa kwanza huwa mpana: kuchora, rangi, kuchonga, kuchapa. Inayofuata hukazana kukusaidia ujenge kazi zako mwenyewe na kuzionyesha. Mtu anayetaka kuelewa kazi za wengine anaweza kujikuta mwaka wa tatu yuko ndani ya karakana akihangaika na mradi wake, na makumbusho hajaenda miezi. Kama mwishoni mwa kozi ya jioni utajikuta unataka kutengeneza kuliko kutazama, basi hiyo ndiyo ishara ya kwenda kwenye shahada. Na hutakuwa umepoteza chochote: shule nyingi huomba mkusanyo wa kazi kabla ya kumpokea mwanafunzi wa shahada, nawe utakuwa nao. Hesabu za ada, vifaa na mshahara utakaopungua sitakufundisha. Ziweke mezani na mume wako kabla, siyo baada.

Umri. Kuna mtu mmoja ambaye barua yako ilinikumbusha mara moja. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuja kuwa mchoraji maarufu wa picha zisizoonyesha vitu halisi, alikuwa amesomea sheria na uchumi, na alikuwa akielekea kwenye kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Katika maonyesho ya wachoraji wa Ufaransa huko Moscow alisimama mbele ya picha ya Monet ya rundo la nyasi kavu na hakutambua ni picha ya nini, mpaka orodha ya maonyesho ilipomwambia. Alikereka. Aliona haya kwa kushindwa kutambua, na wakati huohuo picha ikakataa kumtoka akilini. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 30, aliacha sheria akaenda Munich kusoma kuchora, kwanza katika shule binafsi ya Anton Ažbe, kisha katika chuo cha sanaa chini ya Franz von Stuck mwaka 1900. Sikuambii haya ili uote kuwa Kandinsky. Nataka uione hasira yako ya maonyesho kwa jicho jingine: kuna mtu ambaye kero kama hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani akajiandikishe.

Mwingine ni mwanahistoria wa Marekani Nell Irvin Painter, aliyezaliwa mwaka 1942. Baada ya kufundisha Princeton University, alirudi kuwa mwanafunzi wa sanaa akiwa na zaidi ya miaka 60, akapata shahada ya kwanza Rutgers University mwaka 2009 na ya uzamili Rhode Island School of Design mwaka 2011. Ameeleza kwamba alifika darasani na macho ya karne ya 20, yaani ladha iliyojengeka zamani, na kwamba ilibidi ayafundishe upya. Hapo ndipo mtu mzima anapopata taabu kweli. Mkono hujifunza, hata wa miaka 46. Kinachosumbua ni yale tuliyokwisha kuamua kwamba ni mazuri. Kijana wa miaka 19 hana mengi ya kuyaacha. Wewe unayo, na mwalimu akikuambia picha uliyoihangaikia ni nadhifu mno, usikimbilie kumwona hana adabu.

Tunafika kwenye lile linalokukosesha usingizi. Kikao cha kukosoa kazi ni sehemu ya shule ambayo mtu mzima huiogopa kuliko zote, na ndiyo itakayokusaidia zaidi, kwa sababu mle ndani watu hulazimika kusema wanachokiona. Zoezi ambalo limekushinda mbele ya picha za makumbusho, hapo utalifanya kila wiki, kwa kazi za wenzako na kwa yako. Zamu yako ikifika, usianze kwa kueleza ulichokusudia. Hili nalisisitiza hasa kwa watu kama wewe, waliozoea vikao na wanaojua kujieleza: mtakuwa na maneno mengi kuliko vijana, na maneno yatawakinga msione. Nyamaza. Waulize, "Jicho lako limeanzia wapi? Limekwama wapi?" Andika majibu. Kesho yake, hasira ikiwa imepoa, yapange: lipi linahusu picha, lipi ni ladha ya msemaji, lipi halina maana. Yatakuwepo yasiyo na maana. Huyo Painter niliyekutajia aliambiwa na mwalimu mmoja kwamba hatakuwa msanii kamwe. Alimaliza masomo yake na ameendelea kuchora na kuonyesha kazi zake. Mwalimu anayezungumzia mstari, rangi au mpangilio wako, msikilize hata kama anauma. Anayekutabiria maisha yako amekwisha kutoka kwenye somo.

Na hao vijana, mwanangu, usiwe mama yao. Usiwabebee vifaa, usiwakumbushe tarehe za kukabidhi kazi, usiwapoze kila kazi zao zinapokosolewa. Waambie wakuite kwa jina. Watakuonyesha wasanii ambao hukuwahi kuwasikia, nawe utawaonyesha jinsi ya kukaa na picha moja kwa muda mrefu, na mtazoeana kwa haraka kuliko unavyodhani.

Dada yako aliuliza utachora nini. Utachora viti, viatu, mkono wako wa kushoto, uso wako kwenye kioo. Vitu hivyohivyo ambavyo kila mwanafunzi huanza navyo.

Usisubiri muhula uanze. Wiki hii nenda makumbusho na daftari na penseli, chagua picha moja, usikisome kibandiko, uichore. Itakuwa mbaya, na hiyo si hoja. Kunakili ndani ya makumbusho ni desturi ya zamani sana ya wasanii. Louvre, iliyofunguliwa mwaka 1793, hadi leo huruhusu watu kukaa mbele ya kazi zake na kuzinakili. Utashangaa jinsi mkono unavyokulazimisha kuuliza: huu mstari unaishia wapi, kwa nini pale pana giza, nani anamtazama nani.

Kabla ya kulipa ada, iulize shule mambo haya: darasa lina wanafunzi wangapi, nani anafundisha kuchora na kama yeye mwenyewe bado anafanya kazi za sanaa, kama masomo ya jioni yatahesabiwa ukiingia shahada, na kama somo la historia huwapeleka wanafunzi mbele ya kazi halisi. Wakikujibu kwamba historia yote hufundishwa kwa picha za kwenye skrini, tafuta shule nyingine.

Shangazi